Zambarau Chini ya Chokaa

Nilikuwa nimekwangua eneo la upana wa kiganja, na bado sikuwa nimepata hata herufi moja kamili, Obrad aliposukuma mlango wa jikoni akaingia na baridi yake yote.

"Fundi, umefika wapi?"

"Funga mlango kwanza."

Akaufunga kwa kisigino. Obrad alikuwa tarishi wa kijiji chetu cha Vrbovik kwa miaka thelathini, na mpaka leo, amestaafu, huingia nyumba za watu kama mtu mwenye barua mkononi. Akasogea mpaka nikasikia pumzi yake shingoni.

"Sioni kitu. Naona ukuta uliopigwa ngumi."

"Ndio huo huo," nikasema. "Usiuguse."

Ukuta ulikuwa mweupe, umepakwa chokaa jana, na katikati ya weupe ule palikuwa na doa refu la zambarau, limelala kama mtu aliyejinyoosha. Nilikuwa nikilikwangua kutoka mwisho wake wa kulia, upande wa jiko la kuni, kwa sababu huko mkono wa mpakaji haukufika vizuri na chokaa ilikuwa nyembamba. Nilitumia kisu kidogo cha upasuaji, nikapuliza vumbi, kisha nikagandamiza kipande cha mkate laini juu yake ili kinyonye unga uliobaki. Maji sikuyakaribisha kabisa.

Mpakaji mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, mikono mapajani, kucha bado zina chokaa. Mama Kosara ana miaka sabini na minane.

"Kosara," Obrad akamgeukia, "nchi nzima imeutafuta mstari huo miaka sabini. Maprofesa wameutafuta. Wewe ukaukuta nyumbani kwako, ukaupaka chokaa."

"Mara tatu," akasema mama Kosara.

"Mara tatu!"

"Na wewe barua zangu ulikuwa ukizisoma kabla yangu. Kaa chini, unamzibia fundi mwanga."

Inafaa niseme mambo yalivyofika hapo.

Leposava Tomanić alizaliwa katika nyumba hii, akalala jikoni humu karibu na jiko, akaondoka kwenda Belgradi kusoma akiwa msichana wa miaka kumi na minane. Mengine kila mtu anayajua. Shule ya mjini ina jina lake, sura yake imekaa kwenye stempu, na hakuna mtoto anayemaliza darasa la tatu bila kusimama mbele ya wenzake na kusema:

*Theluji imefunika njia ya kisima chetu,*
*mtu tayari kafika, na hajaamka mtu;*
*nyayo ndogo zaandika barua ya nyumba yetu...*

Halafu nukta. Ubeti una mistari mitatu, na mahali pa mstari wa nne pana nukta tupu. Aliuchapisha hivyo akiwa kijana, akauacha hivyo mpaka alipozikwa kwa heshima zote, na kila alipoulizwa mstari wa nne uko wapi alijibu jibu lile lile: "Uko nyumbani." Wasomi wakalichambua jibu hilo. Mmoja akasema nyumbani ni taifa. Mwingine akasema ni kaburi. Hakuna aliyepanda basi akaja Vrbovik kuuliza.

Mwezi wa tisa mwaka huu msomi mmoja kutoka Belgradi, Tijana Ostojić, alimpigia simu mama Kosara kuomba picha ya zamani ya Leposava, mama yake mdogo. Mama Kosara akamwambia, "Picha sina, mwanangu. Ila maneno yake yapo ukutani, nyuma ya kabati." Anasema upande wa pili ulipiga kelele hata akaangusha simu. Ikapangwa kwamba Tijana angekuja Alhamisi, adhuhuri.

Kabati hilo ni la mwaloni, na limesimama mahali pamoja tangu kabla mama Kosara hajazaliwa. Kila mwaka, nyumba ikipakwa chokaa kabla ya sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa familia, bibi yake aliwaambia wapakaji: pakeni kote, nyuma ya kabati mwache, pale pana maneno ya Lepa. Ndivyo walivyomwita Leposava nyumbani. Basi wakaacha. Jumanne mama Kosara na Obrad walilisukuma kabati hilo kwa mara ya kwanza. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi. Bomba la jiko lilivuja moshi mahali hapo kwa miaka mingi. Mama Kosara akavaa miwani, akamulika kwa tochi, akatafuta kutoka chini mpaka juu. Masizi, utando wa buibui, mavi ya panya. Neno hata moja.

Akakaa kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa hapa kwetu angelifanya: mgeni anakuja, ukuta ni mchafu, chokaa ipo. Akapaka.

Jumatano asubuhi doa la zambarau lilikuwa limetokea. Akapaka tena, chokaa nzito zaidi. Adhuhuri doa likarudi. Akapaka mara ya tatu, akilaani panya. Jioni Obrad akaja kunywa kahawa, akakaa na kikombe mkononi, akautazama ukuta kwa muda mrefu, akasema, "Kosara, ukuta wako unaandika."

Obrad ndiye aliyetambua. Ilikuwa penseli ya wino, ile ya zamani ambayo ncha yake ililambwa kabla ya kuandikia, na ambayo ikiguswa na maji hugeuka zambarau na hainyamazi tena. Watu wa posta waliandikia vifurushi kwayo. Yeye mwenyewe alikuwa na ulimi wa zambarau mpaka alipooa. Chini ya masizi hakuna jicho ambalo lingeona maandishi yale. Maji ya chokaa ndiyo yaliyoyaamsha.

Wakaniita jioni ile ile, kwa kuwa kazi yangu ni kusafisha michoro ya kale ya kuta za makanisa. Nililitafakari hilo usiku kucha kabla sijasema lolote kwa mama Kosara. Asingepaka, tusingeona kitu. Kwa kuwa alipaka mara tatu, rangi ilipanda tabaka kwa tabaka, na kila ilivyopanda ndivyo ilivyotawanyika. Basi herufi zilikuwa safi zaidi ndani ya tabaka la kwanza la chokaa. Kazi yangu ilikuwa kuondoa la tatu, kuondoa la pili, na kuishia hapo. Nikizidi unene wa ukucha, nimeufuta.

"Mama Kosara," nikasema, "niletee kioo cha chumbani."

Akainuka haraka kuliko nilivyotarajia. Nikamweka Obrad dirishani na kioo, nikamwonyesha jinsi ya kulitupa jua ukutani kwa upande, ili kila mkwaruzo uwe na kivuli chake. Leposava alikuwa ameikandamiza penseli kwa nguvu. Palipotawanyika rangi, mfereji wa ncha ulibaki.

"Usitikisike."

"Sitikisiki. Nimembandika mama yake mdogo kwenye bahasha miaka kumi, nikampiga mhuri usoni, hata siku moja mkono haukutikisika."

"Na ndiyo maana hakuja kukutembelea," mama Kosara akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona anakaribia kutabasamu.

Kisha akasimama nyuma yangu, akaongea taratibu, kana kwamba anauambia ukuta. "Fundi. Nitakuambia jambo ili ujue kwa nini nasimama hapa kama mtu anayesubiri mkate utoke tanuruni. Mama yangu na Lepa walizaliwa na mama mmoja. Wa kwenda shule alikuwa mmoja tu, akaenda Lepa. Mama akabaki na ng'ombe. Alipokufa, mwezi wa pili, Lepa hakuja kumzika. Siku ya arobaini hakuja. Lilikuja shada la maua na utepe wa chama cha waandishi. Nilikuwa na hasira, nikasema kabati hilo lisisogezwe nikiwa hai. Sasa nimezeeka, nataka kujua. Katika maneno yake yote yale, mama yangu yumo au hayumo? Basi. Stempu zao wabaki nazo."

Nilikuwa nimeona kitu. Chini ya ncha ya kisu, vivuli viwili vidogo vilikuwa vimekaa pamoja.

"*Tu*," nikasoma.

"Tu nini?" Obrad akafoka.

"Neno la mwisho ni *tu*. Linaenda na *chetu*, na *mtu*, na *yetu*."

"Vina!" Obrad akapiga kelele, na jua likaruka darini. "Ni wenyewe! Kosara, ni mstari wa nne wenyewe!"

"Kioo, Obrad!"

Nikaweka kisu chini, nikahesabu mpaka ishirini, nikakiokota tena. Nilikuwa nimepata *kili tu* gari liliposimama nje.

Tijana Ostojić alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, koti limefungwa vifungo vibaya, begi la kamera begani. Aliingia akitabasamu, akauona ukuta mweupe, na tabasamu likamtoka usoni lote mara moja.

"Nani," akasema, "nani amepaka..."

"Karibu, binti yangu," mama Kosara akamkatiza. Alikuwa tayari ameshika sinia: bakuli la matufaha yaliyopikwa kwa sukari, kijiko, bilauri ya maji. "Onja kwanza."

"Bibi Kosara, ule ukuta..."

"Onja kwanza. Umetoka mbali."

Hakuna mazungumzo yanayoanza katika nyumba ya hapa kabla ya kijiko hicho. Msichana wa watu akasimama katikati ya chumba, macho yamekwama kwenye doa, kijiko kikigonga meno yake, akameza, akanywa maji, akashukuru.

"Ni mimi niliyepaka," mama Kosara akasema hapo. "Ulisema unakuja."

Nilimweleza Tijana yote kwa utaratibu: masizi, penseli ya wino, tabaka tatu. Nilidhani atalia. Badala yake alivua koti, akalitupa juu ya kabati, akapiga magoti kando yangu kwenye vumbi la chokaa.

"Yaani bila chokaa..."

"Ungeona masizi."

"Mungu wangu." Akacheka, akaziba mdomo asipulize ukuta. "Nimeandika kurasa mia nne kuhusu zile nukta. Nisomee ulichonacho."

"*Kili tu*."

"Akili tu? Wakili tu?" Alikuwa akihesabu mizani kwa vidole. "Endelea, fundi, tafadhali, mimi sipumui."

Nikaendelea. Kila herufi ilichukua dakika sita au saba. Obrad alibadilisha mkono wa kioo. Mama Kosara alikataa kukaa. Ikaja *na*, ikawa *nakili tu*. Ikaja *li*, kisha *ni*. Saa saba na nusu tulikuwa na nusu nzima ya mstari, na Tijana ndiye aliyeusoma, kwa sauti iliyopungua kadiri alivyokwenda:

"*Mimi nilinakili tu*."

Obrad akashusha kioo.

"Alinakili nini?" Obrad akauliza.

Nikafuata alama ya mkato, na kushoto kwake nikapata neno zima lililoandikwa kwa herufi kubwa kidogo. *Kaiandika*.

"Mtu fulani kaiandika," Tijana akasema polepole, "mimi nilinakili tu." Akakaa kabisa sakafuni. "Shairi si lake. Alikuwa anatuambia miaka yote. Mstari wa nne uko nyumbani... alikuwa anaungama."

"Mwizi!" Obrad akasema. "Na mimi nimembandika miaka kumi!"

"Obrad, shusha ulimi wako," nikamwambia. "Bado hatujui."

"Imeandikwa hapo! Nilinakili!"

"Imeandikwa nusu."

Nikamtazama mama Kosara. Alikuwa ameegemea kabati, uso mweupe kama kazi yake ya jana. Nilielewa kilichokuwa kikimpita. Mama yake mdogo alikuwa amemnyima mama yake machozi; sasa ilionekana huenda hata umaarufu wenyewe aliuchukua kwa mtu mwingine, na ni yeye, Kosara, aliyewaita watu waje kuona. Tijana alikuwa mtu wa kweli, angeandika alichokiona. Nikasema, "Mama Kosara, nyumba ni yako. Ukitaka nisimame, nasimama."

"Limebaki neno moja?"

"Moja. Mwanzoni."

"Ni jina la mtu?"

"Lazima liwe jina," Tijana akasema. "Silabi tatu. Mizani inataka tatu."

Mama Kosara akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu. "Kwangua," akasema.

Upande ule chokaa ilikuwa nene. Hapo ndipo mkono wake uliposimama na kurudia. Nikapunguza mwendo. Herufi ya mwisho ilikuwa *a*. Kabla yake *n*.

"*Na*," Obrad akanong'ona. "Jelena! Jelena wa padri, alikuwa anaandika nyimbo za kanisa!"

"Milena," Tijana akasema. "Alikuwa na rafiki shuleni, Milena."

"Katarina!"

"Hiyo ni nne, Obrad."

"Mimi si mtu wa mizani, mimi ni mtu wa posta!"

Nikapata *e*. Wote wawili wakapiga kelele pamoja, kila mmoja jina lake. Kisha miguu mitatu ya *m* ikasimama kwenye jua la kioo, wazi kabisa, na Obrad akasema "Milena hana *m* hapo," na nikasikia nyuma yangu sauti ambayo haikuwa ya Obrad wala ya Tijana, sauti ndogo kama ya mtu aliyeungua kidole.

"Fundi," mama Kosara akasema. "Hapo mbele pana *s*?"

Nikafichua *a*, kisha *t*, ndipo nikaifikia. Ilichukua karibu nusu saa. Nikapuliza, nikagandamiza mkate, nikauondoa.

"Pana *s*, mama."

Tijana akasoma mstari wote:

*Stamena kaiandika, mimi nilinakili tu.*

"Stamena ni nani?"

"Ni mama yangu," mama Kosara akasema.

Tijana aligeuka na magoti yake yote. "Mama yako alikuwa mshairi?"

"Mama yangu hakujua kuandika hata jina lake. Kwenye hati za shamba aliweka kidole." Alikuwa akilia na kucheka, na maneno yakimtoka kwa haraka. "Alikuwa anaamka kabla ya wote. Theluji ikianguka, Lepa hakuwa na viatu vya kuipita, vilikuwa vya kitambaa. Basi mama alitoka gizani na ndoo zake, akaenda kisimani, akapitiliza mpaka barabara ya shule, akirudi anakanyaga njia ile ile, anaishindilia, ili Lepa apite na miguu mikavu. Kila siku ya theluji, miaka minne. Alinisimulia kama jambo la kuchekesha, kwamba alikuwa trekta ya kwanza ya Vrbovik."

Tijana alikuwa ameweka viganja viwili mashavuni. "Nyayo," akasema. "*Nyayo ndogo zaandika barua.* Barua ni nyayo. Stamena aliiandika kwa miguu, na Leposava..."

"Akainakili," nikasema.

"Kwa hiyo si mwizi," Obrad akasema.

"Si mwizi, Obrad!" Tijana akaruka, akamkumbatia, kioo kikapasuka pembeni, hakuna aliyejali. "Miaka sabini! Nimeandika sura nzima kwamba yule mtu aliyefika ni Mauti! Sura nzima! Mwenzangu mmoja amepata shahada kwa kusema ni Malaika!" Alikuwa tayari nje uani akipiga simu, na kupitia dirishani tulimsikia akipayuka, "Trekta! Hapana, sijalewa! Andika: Sta-me-na!"

Obrad akamfuata aweze kusaidia kupayuka. Mama Kosara akasogea ukutani. Alinyoosha kidole, akakumbuka, akakirudisha.

"Kwa nini hakuuchapisha?" akauliza. "Angemtaja mbele ya watu, ingemgharimu nini?"

"Sijui, mama."

"Kwa nini hakuja kumzika?"

"Hilo nalo sijui."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Lakini yumo."

"Yumo. Ni neno la kwanza."

Akarudi kwenye kigoda, akakaa kama mtu aliyetua ndoo mbili.

Jua lilikuwa limeondoka dirishani. Nilipokuwa nikisafisha kisu niliinama, na kwa mwanga ule hafifu nikaona kwamba doa halikuishia kwenye mstari tuliousoma. Chini yake, upana wa vidole vitatu, palikuwa na zambarau nyingine, hafifu zaidi, ikienda kushoto mpaka karibu na mlango. Urefu wa mistari miwili, labda mitatu. Huenda ilikuwa majibu ya yale aliyouliza. Huenda ilikuwa orodha ya vitu vya kununua mjini. Nikamwonyesha.

"Tijana asijue leo," akasema, "ataulamba ukuta."

"Atajua. Lakini kazi ni ya kesho. Mkono uliochoka unafuta."

"Kesho saa ngapi?"

"Jua likifika dirishani. Usiwashe jiko hili mpaka nije, mvuke ni adui. Pikia nje."

"Nitapika pai ya jibini kwa Obrad. Tanuru lao linafanya kazi, mwenyewe ndiye asiyefanya." Akakaza macho kwenye ukuta. "Kesho anza taratibu, fundi. Leo hii inanitosha."

Nikapiga misumari minne midogo kuzunguka eneo la kesho, nikaifunga uzi, nikatundika shuka kavu mbele ya ukuta, isiguse. Kisha nikaufunga mkate uliobaki katika kitambaa ili usikauke.